Anayekukaribisha Aonje Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kibosho mvua imetukumbuka, babu yako sasa anatembea bila fimbo, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Unauliza umwamini nani kuhusu kuwekeza mshahara wako. Mama mkwe wangu alipokuwa bado hai, ndiyo kwanza wanunuzi binafsi wa kahawa wameruhusiwa, alikuja bwana mmoja nadhifu. Alitaka hela yetu yote ya kahawa tuiweke kwenye kampuni moja ya kusafirisha maua, akiahidi faida kubwa. Babu yako alishakubali.

Mama mkwe wangu akaleta mbege. Desturi yetu unaijua: akapiga funda yeye kwanza, mgeni aone pombe ni salama, ndipo akampa. Alipokwisha kunywa, mama akamuuliza taratibu, "Na wewe, yako umeweka kiasi gani huko?"

Akasema yeye ni wakala tu.

"Basi onja kwanza," mama akamwambia, "sisi tutakunywa baada yako."

Hakurudi tena.

Huyo anayekupigia simu kila siku ununue hisa, muulize kama naye ameweka, na ukikubali yeye analipwa nini. Kisha kamuulize mtu asiyepata chochote kwako.

Mimi usiniulize, mjukuu wangu. Hisa sijawahi kuzionja. Nenda kwa shangazi yako Anjela, pale Mawenzi. Yeye alinunua, akapata, halafu akapoteza, na atakusimulia yote mawili.

Bibi yako anayekuombea