Rubani wa Ndege ya Pili

Jumatatu, 3 Februari

Nimefua. Nimempima Baba sukari, nimemchoma sindano. Ndege mbili za kivita zikapita juu ya Nzuguni, mazoezi ya sherehe. Kuku wakatawanyika. Baba akasimama uani, chai inammwagikia mkononi, hata hashtuki. Alirusha ndege kama hizo wakati wa vita vya Kagera, kabla sijazaliwa. Hazungumzii.

Jumanne, 4 Februari

Zimepita tena. Baba akaniuliza, "Ya pili imerudi?" Nikamwambia zote zimerudi. Hakuniamini. Amekaa uani hadi magharibi akitazama juu. Ugali hakuugusa. Naogopa.

Jumatano, 5 Februari

Nimetoka kazini, nimekuta geti wazi. Baba hayupo. Simu yake iko kitandani. Dawa zake mezani.

Nimezunguka mtaa mzima. Nimeenda Majengo, sokoni anakonunua karanga. Hawajamwona. Nimeripoti polisi. Dereva wa bajaji anasema alimshusha stendi asubuhi. Stendi! Aende wapi? Mzee wa miaka sabini, bila insulini, na mvua hii. Nimemkasirikia. Kisha nimelia.

Alhamisi, 6 Februari

Namba ngeni. Sauti ya mama mtu mzima: "Mwanangu, baba yako yuko kwangu huku Gulwe. Namba yako kanitajia mwenyewe. Hana nguvu, anaomba maji tu. Wahi na dawa zake."

Gulwe? Hatuna ndugu Gulwe.

Korongo lilikuwa limejaa, gari likagoma kuvuka. Nimesubiri maji yapungue, nikavuka kwa miguu, dawa nimezibeba kichwani. Nimemkuta amelala mkekani, midomo imekauka. Nikampeleka zahanati. Mganga anasema tungechelewa kidogo tu, tungempoteza.

Ijumaa, 7 Februari

Baba ameamka vizuri, tumerudi kwa yule mama aliyenipigia. Sasa najua.

Mama huyu anaitwa Merina. Kaka yake, Yona, alikuwa rubani mwenzake Baba. Siku moja vitani waliruka pamoja, ndege mbili. Baba alirudi. Yona alitunguliwa. Nyumbani kwao waliambiwa tu kwamba haonekani. Mama Merina amemngoja tangu usichana wake, akiamini yuko kifungoni mahali. Baba aliiona ndege ikianguka. Miaka yote hii alishindwa kuja kusema.

Leo amesema. Nilikuwa nimekaa mlangoni.

"Hakuruka na mwavuli?"

"Hakuruka, dada yangu. Ililipuka palepale angani."

Mama Merina akapiga yowe, majirani wakaja mbio. Nilidhani atamfukuza Baba. Akamshika mkono, akalia akiwa ameung'ang'ania.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani padre amemtaja Yona kati ya marehemu. Miaka yote Mama Merina alikuwa anakataa. Leo ameomba mwenyewe.

Nilitaka tuondoke kesho. Baba anasema tungoje kidogo. Mama Merina anataka kujua kaka yake alikuwaje huko angani.

Wamekaa barazani wanamenya karanga. Baba anamwambia Yona alikuwa akiimba Kigogo kwenye redio ya ndege, anaimba vibaya, wakubwa wanamgombeza, haachi. Mama Merina anacheka, anajifuta macho kwa ncha ya kanga.