Faili ya Waithira

Nyeri,
14 Juni 1996

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai nyote huko Naro Moru hamjambo, mguu wa Mama umepungua uvimbe, na viazi havikuunguzwa na baridi. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi.

Uliniandikia kwamba kanisani sasa wananiita daktari. Waombe waache. Chuo chetu kimefungwa tangu Jumatatu, na sisi tuliobakiza miezi mitano tupate vyeti vya utabibu tumeambiwa turudi nyumbani.

Wakaguzi walitoka Nairobi kuangalia kama chuo kinastahili kufundisha. Mkuu wetu, Bw. Mathenge, alikuwa na wiki mbili za kurekebisha mambo, akazimaliza kwa kupaka rangi kuta. Hadubini aliziazima kutoka shule ya upili ya jirani. Tena hospitali yetu ilitakiwa iwe na wagonjwa wa kutosha wa kujifunzia, na wodi ya wanawake ilikuwa na wanne tu. Basi akatuamuru wasichana kumi tuvae nguo za wagonjwa tulale. Nililala, Baba, mimi uliyenichapa kwa uongo wa kikombe kilichovunjika. Kila mmoja akawekewa faili miguuni.

Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, akasoma yangu. Iliandikwa kwamba nina watoto wanne na nimepasuliwa tumbo. Akaomba kuona mshono. Bw. Mathenge akacheka, akasema ati umepona vizuri sana! Nilitamani kumtemea mate.

Chuo kilipofungwa, wenzangu walisema kuna msaliti. Wakamzomea Bw. Wasike mpaka langoni, mwalimu aliyekuwa akifundisha madarasa matatu peke yake. Amerudi kwao Bungoma bila hata kuagwa.

Sasa nikuambie kabla hujasikia kwa wengine. Si Wasike, ni mimi. Mkuu alipotoka, yule mama aliniuliza polepole faili ile ni ya nani. Nikamwambia ni ya Waithira wa Othaya, aliyekufa mwezi wa Machi. Mshono wake ulifumuka mchana kweupe, na wodi nzima nilikuwa mimi tu, mwanafunzi, nimeshika kitambaa, sijui nibonyeze wapi. Nilipoona jina lake kitandani kwangu, ningenyamazaje? Wasike alikuwa mlangoni, alisikia yote, na bado akabeba mzigo wangu bila kunitaja.

Kesho, kabla hatujatawanyika, nitawaambia wenzangu. Wanipige wakitaka. Halafu nitakuja nyumbani.

Nisalimie Mama na majirani wote. Mwambie mdogo wangu Ntinyari aichane ile fomu ya kujiunga na chuo hiki. Ukiona haya kunipokea, Baba, nitaelewa, lakini usiniambie nilikosea kusema. Kosa langu ni la Machi. Waithira naye aliniita daktari, nami nikaitika.

Ni mimi binti yako,
Kajuju