Injini Kubwa Imemkata Mkwe Wangu

Suna, Jumapili, Agosti 1994

Nimeivunja hiyo injini kubwa na nyundo mpaka ikawa vipande, na bado hasira haijaisha.

Mimi nimetengeneza mashine za kusaga posho Migori yote. Nani atanifundisha injini ya kandege ka mbao, ka kuchezea, kale unazungusha hewani ukishika waya? Nilikuwa na injini mbili, kubwa na ndogo. Ouma, bwana ya binti yangu Akinyi, wamekuja leo na bibi yake kutoka Oyugis kunisalimia. Akainua ile ndogo.

"Baba, hizi mbao ni laini. Hii inatosha."

"Hiyo ni ya kufukuza kuku," nikamwambia. "Mimi nataka nguvu." Nikafunga ile kubwa kwa kandege na skrubu. "Shika mkia!"

Mtu mwingine angekataa. Lakini kwetu mkwe habishani na baba ya bibi yake. Akashika.

Nikapiga pangaboi na kidole. Injini ikanguruma, ikang'oka kwa mbao na skrubu zake, ikageuka hewani, ikamrukia Ouma, ikamkata mkono mpaka nikaona mfupa. Damu ilijaa shati yake ya kutembelea wakwe.

Hospitali wakimshona, Akinyi alinipigia kelele mbele ya watu: "Unataka kuniulia bwana?" Nikamwambia anyamaze, ama nimzabe kofi.

Ni Ouma alisema, na meno ameuma, "Akinyi, wacha mzee. Ni mimi nilishika vibaya."

Hakushika vibaya. Alishika vile nilimwambia.

Afadhali angenipiga ngumi.