Chupa ya Mafuta ya Karembo

Mama,

Nimekaa kwenye kigoda chako cha kukamulia, humu humu bomani, naandika kwa kalamu inayokwama. Ni wiki ya sita tangu tukuzike hapa Bahati. Hema zimerudi kwa wenyewe, wageni wamekwenda, na mimi nimekuwa nikikwepa kukuambia jambo moja. Ng'ombe wako Karembo amekufa. Nimemuua mimi.

Wacha nianze vizuri, usije ukasema nimekurupuka kama kawaida yangu.

Unakumbuka ulivyorudi na daftari kutoka mafunzo ya wakulima, ukasema tupande lusani na desmodiamu pale mahindi yalipokuwa yakitoka kama vidole vya mtoto? Nilicheka. Niliwaambia majirani kwamba mama yangu, na miaka yake yote, ameanza kusomea majani ya ng'ombe. Wewe ukaendelea kusukuma wilbaro ya samadi. Shamba lile lilikuwa gumu hadi jembe linaruka. Siku hizi linazama, mama. Vijana waliochimba kaburi lako walisema hivyo wenyewe, na mmoja akashika udongo akaunusa. Nilitaka kukuita uje usikie.

Na mimi ulinifundisha mara ngapi? "Lusani ikiwa na umande usimpe. Ianike inyauke kwanza, hata akilia." Ukatundika chupa ya mafuta ya kupikia kwenye msumari wa boma, ukasema isiguswe, ni ya kumnywesha siku tumbo lake litakapojaa gesi.

Siku ya mazishi wapishi walikuwa wakikaanga vitunguu vya wageni, mafuta yakaisha. Shangazi akauliza kama kuna mengine. Nikasema yapo, nikaenda nikaishusha chupa. Sikufikiri mara mbili. Nilitaka watu waseme Mama Kamau amezikwa vizuri.

Kesho yake asubuhi Karembo alikuwa akilia. Katika pilkapilka zile hakuna aliyemlisha tangu jana. Nikamhurumia, maana tulikuwa tunalia wote wawili. Nikakata lusani ikiwa bado imelowa, nikamjazia hori. Alikula kwa pupa, nami nikasimama pale nikifurahi kwamba angalau mmoja wetu ana hamu ya chakula.

Kabla ya saa tatu ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kupita mgongo. Nikakimbilia msumari. Hapakuwa na kitu. Nilisimama nikiuangalia kana kwamba nikiuangalia sana chupa itarudi. Nikakimbia kwa jirani, kumbe nao walikuwa wameleta mafuta yao yote kwetu. Nikakimbilia dukani; niliporudi na mafuta nikiwa nahema, alikuwa amelala chini, ulimi nje. Daktari wa mifugo alifika akavua kofia tu.

Mama, sikukulilia hivyo hata kaburini. Nilimshika shingo Karembo nikalia mpaka shangazi akaja kuniinua.

Mtamba wake yupo, yule uliyemwita Zawadi. Naye karibu atazaa. Juzi nilifungua daftari lako kutafuta kiasi cha kumpa. Nikakuta ukurasa wa lusani umeupigia mstari mara mbili, na pembeni, kwa mwandiko wako ulioinama, umeandika: "Kamau akumbushwe."

Ulinijua, mama. Na mimi nilidhani ulikuwa unajiandikia wewe.

Nimetundika chupa mpya kwenye msumari ule ule. Hata siku watakayokuja kunizika mimi, wapishi watafute mafuta kwingine. Samadi nitaisukuma, na lusani yako sitaing'oa, hata wajomba waseme turudishe mahindi shamba zima.

Lala salama, mama yangu. Nisamehe ukiweza. Asubuhi hii Zawadi analia njaa na lusani iko juu ya mabati, bado haijanyauka. Sitampa. Nitakaa naye hapa hapa mpaka iwe tayari.

Mwanao,
Kamau