Mbegu Iliyobaki Juu ya Moshi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Katindiuka tu wazima. Babu yako sasa anatembea bila fimbo, tunamshukuru Mungu. Umenitumia orodha ya mizigo ya safari yako ya kuzunguka dunia, ukaniuliza umesahau nini.

Miaka ya hamsini, nikiwa nimeolewa karibuni, tulivuka mto Kilombero kuhamia shamba la mpunga mpaka mavuno. Nilifungasha wiki nzima: vyungu, mikeka, hata kioo changu. Tulipofika, mama mkwe akauliza, "Mbegu iko wapi?" Ilibaki nyumbani, imening'inia juu ya moshi wa jiko isiliwe na wadudu, na mtumbwi ulishaondoka.

Nikalia. Mama mmoja wa Kipogoro wa shamba la jirani, hanijui simjui, akanigawia nusu ya mbegu yake. "Panda, mwanangu, mvua haitusubiri." Nikampa kioo, akajitazama, akacheka, akanirudishia.

Wali uliokuwa ukiula hapa kwangu utotoni ni wa mbegu ile. Namshukuru mpaka leo.

Orodha yako nimeisoma mara mbili. Kila kitu kimo, ila umeiandika kana kwamba huko uendako hakuna watu.

Bibi yako