Mbegu za Kifuani kwa Mama

Jumanne, tarehe 3 Machi

Kwako dada yangu Frosea,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi yote, nikiomba barua hii ikukute na afya, na yule bibi wa Kiitaliano unayemuuguza asiwe anakusumbua sana usiku na miguu yake. Mimi mdogo wako mwili haujambo, ila mikono imepasuka kwa baridi na mafua yamenikaba tangu Januari hata sauti imeharibika. Barua hii amekuletea Grigore wa basi la Italia, pamoja na kifurushi. Tafadhali isome ukiwa umekaa, tena uwe peke yako.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Yapo maneno ambayo kwenye simu yamenishinda, na ukifika chini utaona kwa nini.

Huku baridi imekataa kuondoka. Theluji ya uani imekuwa nyeusi kwa majivu, kisima kinaganda kila asubuhi, na kuni zimebaki za kuhesabu. Baada ya Krismasi nilifunga vyumba vyote, nikamhamishia Mama kwenye chumba cha jiko, maana tangu vuli miguu yake haikuwa ikimbeba tena. Tukaishi humo wawili, sisi na paka, na sufuria ya mamaliga, ugali wetu wa mahindi, na pipa la kabichi linalonuka.

Sasa unamjua Mama. Mbegu za pilipili hoho lazima ziloweshwe mwanzoni mwa Februari, dunia ipinduke isipinduke. Nilimwambia mwaka huu tupumzike, tutanunua miche sokoni mwezi wa tano kama watu wengine. Alinitazama kama niliyetukana kanisani. Akaniambia miguu ndiyo iliyokufa, yeye hajafa, nikalete mbegu haraka. Nikamuuliza zitaotea wapi, na dirisha lina barafu kwa ndani, na moto nauzima saa sita mchana ili kuni zifike Pasaka? Akafungua vifungo vya sweta, akasema, "Weka hapa. Nyie wawili mlipata joto hapa. Hizo pilipili ni nani hata zikatae?"

Basi nikafanya kama alivyofanya yeye miaka yote, na mama yake kabla yake. Mbegu nikazitandaza kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, nikakikunja, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, nikauweka kifuani kwake chini ya fulana ya sufu. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, siku za mbegu tulikatazwa kumkumbatia? Wewe ulikuwa ukilia. Mimi nilikuwa nazionea wivu pilipili.

Jirani yetu Agripina alipokuja kuazima chumvi na kuliona jambo hilo, alicheka mpaka akakaa. Akaniambia, "Zina, mwaka huu umepata kuku wa kuatamia!" Mama hakukawia. Akamjibu heri kuku anayeatamia kwake kuliko yeye anayetaga kwa majirani. Siku hiyo tulicheka sote, na nafurahi kwamba tulicheka.

Kila asubuhi nilifungua kitambaa, nikanyunyiza maji ya uvuguvugu, nikamsogezea. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alizipapasa kwa ncha ya kidole. Siku ya sita akasema zimetoa pua, na kweli zilikuwa zimetoa, nyeupe, ndogo mno. Tukazipanda kwenye maboksi ya maziwa, kwa udongo niliouweka stoo tangu Oktoba na kuuchoma kwenye tanuri ili wadudu wafe. Kisha akataka na maua yake. Mbegu za petunia ni laini kama ugoro, ukipumua zimekwenda. Akaniagiza beseni la theluji safi kutoka nyuma ya mti wa jozi, si ile ya majivu. Nikaitandaza juu ya udongo, nikanyunyiza mbegu juu ya ule weupe ili zionekane, na theluji ilipoyeyuka ikashuka nazo polepole. Alinisimamia akiwa kitandani, akinikaripia kila nilipokohoa. Halafu tukaweka kifuani kitambaa cha pili, cha pilipili ndefu zile za kujaza wali na nyama.

Sasa nifike pale panaponiuma. Kichwa cha Mama kilikuwa kimeanza kuchanganya mambo, hilo nilikuficha. Alikuwa ananiita Frosea. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza, naye akanishika mkono na kusema, "Mungu akuweke, Frosea, wewe hukunitupa." Nikimwambia mimi ni Zina, anakasirika. Anasema Zina yuko Italia, Zina ndiye aliyetukimbia, Zina hata baba yake hakumzika, na asithubutu kuja kulia juu ya kaburi lake yeye. Dada, majira mazima ya baridi nimekula lawama zako kwa jina langu, na shukrani zangu zimekwenda kwa jina lako. Nilikuwa natoka uani, nasimama kwenye theluji mpaka hasira ipoe, narudi kumgeuza.

Asubuhi ya tarehe kumi na nane Februari, siku ya Jumatano, niliamka nikawasha moto, nikapasha maji, nikaenda kuangalia mbegu kama kawaida. Nilitia mkono kifuani kwa Mama, na kitambaa kilikuwa cha baridi.

Nisamehe kwa kuliandika hivyo. Nimelijaribu mara nyingi na halina namna nzuri ya kuandikika. Mama yetu amefariki, Frosea. Alikwenda usingizini, uso wake haukuwa na maumivu. Tulimzika Jumamosi, kando ya Baba. Padri Nicanor alikuulizia, nikamwambia kibali chako cha kukaa Italia hakijatoka, ukivuka mpaka hutaweza kurudi kazini. Agripina naye nilimwapisha asikupigie.

Habari ya kibali ni kweli, lakini siyo sababu. Mbele yako na mbele ya Mungu nasema sababu: nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni, kama mimi ndiye Zina asiyezika wazazi, basi wewe nawe uwe hivyo kweli, mara mbili.

Na kuna baya kuliko hilo. Jumapili iliyofuata, nilikuwa naosha vyombo vya matanga, simu ikalia. Nilinyanyua nikiwa nimeamua kukuambia. Nikakohoa, na wewe, kwa ile sauti yangu iliyokwaruza, ukasema, "Mama?" Nami nikaitika.

Kabla sijajua nitasema nini ukaanza kulia. Ukaniambia kwamba Baba alipofariki ruhusa ulipewa, hukunyimwa kama ulivyotuambia. Kwamba ulifika mpaka kituo cha basi na shada la maua mkononi, ukaogopa kumwona amelala kwenye jeneza, ukarudi. Kwamba miaka minne hulali. Ukaniomba Mama akusamehe. Nami nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Ukacheka huku unalia, na juzi Jumapili ukapiga tena, mchangamfu kama msichana, na nikaitika tena. Sauti zote mbili zilikuwa zangu. Njia ya mwongo ni fupi, nami yangu imeishia hapa.

Agripina aliniambia zile mbegu za kitambaa cha pili nizitie motoni, mbegu iliyolala na maiti haipandwi, hata ikiota hailiwi. Nilimwambia nimezichoma. Nilizipanda. Zimeota zote isipokuwa tatu. Kwenye kifurushi kuna miche kumi na miwili, imefungwa kwa magazeti na fulana yake ya sufu. Iweke dirishani penye jua. Usinishukuru, unajua miche ikishukuriwa haishiki.

Dada, msamaha uliousikia haukuwa wa Mama. Siwezi kukuapia kwamba angekupa, na siwezi kukuapia kwamba angekunyima. Siku ile niliutamka mdomoni tu, moyoni bado nilikuwa nakuchukia. Leo nauandika kwa jina langu, nimekusamehe habari ya Baba. Habari ya Mama, mwenye kusamehe ni wewe, na sina uso wa kukuomba.

Arobaini ya Mama ni Jumapili, tarehe ishirini na tisa. Najua kibali, najua kazi, sikuiti. Ila basi la Grigore hufika hapa saa nne asubuhi, na padri nimemwomba asianze kabla ya saa tano.

Wakusalimu Agripina na padri Nicanor. Nisalimie yule bibi, umwambie avumilie miguu. Mungu akulinde huko ugenini, akupe nguvu ya kuimaliza barua hii.

Ni mimi mdogo wako,

Zina