Chewa Hatoki Nandagala

Baba Lukumani,

Ugali uko kwenye sufuria, kisamvu nimekifunika kwa ungo. Kuku wafungie mapema, kicheche ameonekana tena.

Huyo samaki uliyemtia jana kwenye sanduku la kioo alilotuachia yule Mzungu wa mashamba ya karanga, ulisema ni wa mtoni, umemnunua Nandagala ulipokwenda kuuza ufuta. Leo asubuhi mwanao Lukumani alimtilia visamaki viwili vya mtoni vicheze naye. Akavimeza vyote, kichwa mpaka mkia, na mtoto analia. Ndipo nikamtazama vizuri: mdomo mpana, taya la chini limechomoza, madoa ya kahawia mwili mzima. Nikachovya kidole kwenye maji yake, nikaonja. Chumvi tupu.

Mimi nimezaliwa Lindi. Huyo ni chewa, samaki wa bahari, na Nandagala hakuna bahari.

Kumbe ulikwenda Lindi. Mama yangu yuko huko, anaumwa tangu kabla ya Ramadhani, na kila nikikuomba unipeleke unasema subiri tuuze ufuta. Ufuta umeuza, pwani umefika peke yako, na hata salamu zake hukuniletea. Umeniletea samaki, tena kwa uongo.

Naondoka na Lukumani kwa lori la mchana. ~~Nitarudi Ijumaa.~~ Nitarudi mama akipona.

Maji ya samaki yakipungua usimwongezee ya kisima, atakufa. Kachote ulikoyachota. Njia unaijua.

~~Mkeo~~
Mama Lukumani